Moshi wa Lubumbashi na Maana ya Afya

Mtambo wa kuyeyushia shaba wa Lubumbashi ulianza kazi mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa. Hadi ulipozimwa mwaka 1993, pepo za kusini-mashariki zilisukuma moshi wake wa salfa kuelekea Penga Penga. Huko miombo ilikauka, mvua ikachukua udongo, ardhi ikabaki tupu. Hasara hiyo ilionekana na kila mtu, lakini haikuhesabiwa kuwa jambo la mganga.

Kwa waganga wa Union Minière, hasa tangu ilipoanza, mnamo mwaka 1928, siasa ya kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na jamaa zao, afya ilikuwa ni nguvu za mfanyakazi. Walipima uzito wa wachanga, wakasimamia posho, wakapambana na malaria na homa ya mapafu. Si haki kuidharau kazi hiyo, kwani vifo vilipungua. Ila jicho lao lilitafuta kijidudu, mbu na uchafu wa nyumba ya Mwafrika. Dohani, ambayo ndiyo iliyolipa mshahara wa mganga, ilibaki nje ya daftari la magonjwa.

Mageuzi ya fikra yalichelewa, na kwa sehemu kubwa yalitoka Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Mwaka 2009 Banza Lubaba Nkulu na wenzake, wakishirikiana na wataalamu wa Leuven, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351. Wakazi wa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mno, na watoto waliwazidi watu wazima. Mtoto asiyeshika sururu aliipata wapi, kama si katika vumbi la uani na katika chakula? Usemi wa kale, "ugonjwa wa kazini", haukutosha tena.

Mwaka 2018 uchunguzi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba mashimo katikati ya nyumba zao, ulikuta kwa watoto dalili za kudhurika hata kwa chembe za urithi. Kisha, mwaka 2020, wachanga 138 wa Lubumbashi waliozaliwa na kasoro walilinganishwa na wengine 108 wasio nazo. Jambo lililojitokeza wazi ni kazi ya baba mgodini. Basi mkunga, aliyezoea kumhoji mama peke yake, ana swali jingine la kuuliza.

Wakati huohuo Penga Penga imejaa nyumba. Shaba haiozi, na familia zinalima mboga katika udongo uleule.