Upupu, Utomvu na Mafuta ya Korosho: Historia ya Ngozi ya Mfyekaji

Kufyeka ni kazi ya kwanza katika kilimo cha pwani ya Afrika Mashariki na bara yake, na pengine ndiyo kazi iliyoandikwa kidogo kuliko zote. Kwa wakulima, kufyeka ni kukata vichaka, nyasi ndefu na miti midogo kwa panga, mundu au shoka hadi ardhi ionekane. Kisha hufuata kukusanya mabiwi, yaani marundo ya matawi na magugu yaliyokauka, kuyachoma moto, na hatimaye kulima na kupanda mvua zinapokaribia. Vitabu vya historia ya uchumi vimeeleza kwa kirefu mikarafuu ya Unguja na Pemba, mkonge wa Tanga na korosho za Mtwara, lakini hatua hii ya kwanza vimeipita haraka, na havikusema karibu lolote kuhusu jambo analolijua kila aliyewahi kuingia porini na panga: kwamba ipo mimea inayojilinda, na anayelipia ulinzi huo ni mwenye kuikata.

Mmea ulio mashuhuri zaidi katika jambo hili ni upupu, ambao wataalamu wa mimea huuita Mucuna pruriens, neno la pili likiwa la Kilatini lenye maana ya kuwasha. Ni mmea wa jamii ya kunde, unaotambaa na kupanda juu ya vichaka, wenye maua ya zambarau yanayoning'inia na maganda yaliyofunikwa na vinyweleo vigumu vya rangi ya hudhurungi. Inafaa kuzingatia kwamba Kiswahili kimeliweka jina lake katika ngeli ya U, pamoja na unga, ukungu na udongo, kana kwamba waliolitunga hawakuwa wakikitaja kitu cha kuhesabika kama mti au tunda, bali lile vumbi laini linalopeperuka na kumfikia mtu kabla hajauona mmea wenyewe. Katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania jina hilohilo hutumiwa na wengi kwa mmea mwingine, ule wa majani yenye miiba ya sindano ambao kwingine huitwa kiwavi. Ni mimea miwili isiyo na undugu wowote, na kuchanganya majina yake kumewapotosha wengi walioandika juu ya dawa za asili.

Uzito wa upupu katika historia ya ukulima unatokana na kalenda. Katika mikoa ya kusini ya Tanzania, ambako mvua ni za msimu mmoja, maganda ya upupu hukomaa na kukauka wakati wa kiangazi, na kiangazi ndicho wakati mashamba mapya yanapofyekwa, kwa sababu matawi lazima yakauke ndipo yachomwe. Mkulima hana uhuru wa kuchagua siku nyingine. Akifyeka mapema, magugu huota tena kabla ya kupanda. Akichelewa, mvua humkuta mabiwi yakiwa mabichi. Kwa hiyo humlazimu kuingia kichakani katika miezi ileile ambayo vinyweleo vinang'oka kwa mtikisiko mdogo wa tawi na kuchukuliwa na upepo. Hekima iliyozaliwa na hali hiyo ilikuwa ya mpangilio wa kazi kabla ya kuwa ya dawa: kuanza alfajiri kukiwa bado na umande, kwa kuwa vinyweleo vilivyolowa haviruki, kusimama upande unakotoka upepo, na palipoonekana zulia la upupu, kutanguliza moto kabla ya panga.

Sayansi ilichukua muda mrefu kueleza kwa nini mpangilio huo unafaa. Mwaka 1955 watafiti wa Marekani, Walter Shelley na Robert Arthur, walionyesha kwamba mwasho hausababishwi na kuchoma kwa vinyweleo peke yake, bali na kimeng'enya kilichomo ndani yake, yaani protini yenye uwezo wa kukatakata protini nyingine, ambacho walikiita mukunaini. Utafiti uliotangazwa mwaka 2008 ulieleza zaidi kwamba kimeng'enya hicho huamsha vipokezi maalumu vya neva za ngozini kwa njia isiyohitaji histamini, ile kemikali ya mwili ambayo vidonge vingi vya kuzuia mwasho vimetengenezwa kuipinga, na ndiyo maana vidonge hivyo huwa na msaada mdogo kwa aliyemwagikiwa na upupu. Protini huharibiwa na joto. Vinyweleo vilivyopashwa moto wa kutosha hubaki na umbo lake na ncha zake, lakini haviwashi tena, kiasi kwamba maabara huvitumia kama kipimo cha kulinganishia. Mkulima aliyetanguliza moto alikuwa akiua kimeng'enya ambacho hakikuwa bado na jina.

Tiba nazo zilifuata mantiki hiyohiyo. Kukuna kulikatazwa, kwa sababu vidole husukuma vinyweleo ndani zaidi na kuvihamishia shingoni na machoni. Badala yake mtu alipakwa matope yaliyoachwa yakauke na kubanduliwa, au majivu makavu yaliyofutwa taratibu, au donge la unga uliokandwa lililoviringishwa juu ya ngozi likazoa vinyweleo kama gundi. Haifai kuziita njia hizi imani za kale. Zote tatu hufanya kazi moja, ambayo ni kuondoa chanzo badala ya kutuliza dalili, na hadi leo ushauri wa kitabibu kwa mtu aliyepatwa na upupu huanzia hapohapo: kuvua nguo, kunasa vinyweleo kwa kitu chenye kunata, kisha kuosha.

Mmea huohuo pia umekuwa chakula cha dhiki. Mbegu zake zina kiwango kikubwa cha levodopa, kemikali inayotumika kutibu ugonjwa wa Parkinson, ambayo watafiti wa India waliitenga kutoka katika mbegu hizo mwaka 1937. Ili ziliwe salama huchemshwa mara nyingi na maji yake kumwagwa. Mwaka 1989, wakati wa vita na ukame katika jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, maji ya kumwaga yalipokosekana, zaidi ya watu 200 walipatwa na maruweruwe na kuchanganyikiwa akili baada ya kuzila. Tukio hilo laonyesha jinsi ujuzi wa mmea wenye sumu unavyotegemea vitu vya kawaida kabisa, kama ndoo ya pili ya maji.

Utomvu ni hatari ya namna nyingine. Mnyaa, mmea usio na majani ya kuonekana na wenye matawi ya kijani mviringo kama penseli, umepandwa kwa vizazi vingi kuwa ua wa maboma ya ng'ombe, na jina la Ziwa Manyara huelezwa kuwa limetokana na neno la Kimaasai la mmea huu. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia jichoni waweza kumtia mtu upofu wa siku kadhaa, wakati mwingine wa kudumu. Hapa donge la unga halina kazi, na majivu jichoni ni kuongeza balaa; kinachofaa ni maji mengi, na upesi.

Adui wa tatu aliletwa na meli. Mkorosho, ambao sehemu nyingine za pwani huitwa mkanju au mbibo, ulitoka Brazil na kufikishwa Msumbiji na Wareno katika karne ya 16, kisha ukaenea kaskazini hadi Lindi, Mtwara na pwani ya Kenya. Ganda la korosho lina mafuta meusi mazito yenye asidi ya anakadi na kadoli, kemikali zilizo karibu sana na urushioli, sumu ya mimea inayowatesa wafyekaji wa Amerika ya Kaskazini. Ukaribu huo si wa bahati, kwa sababu mkorosho, mwembe na ule mmea wa Marekani wenye vijani vitatu vitatu, ambao Kapteni John Smith wa Virginia aliuelezea katika kitabu chake cha mwaka 1624, wote ni wa familia moja ya mimea, iitwayo Anacardiaceae. Jina urushioli lenyewe limetokana na neno la Kijapani la utomvu wa kupakia vyombo vya mbao rangi ya kung'aa, urushi, na mkemia Rikō Majima ndiye aliyeuchambua mwanzoni mwa karne ya 20. Watoto wa pwani wanaotokwa na vipele midomoni kwa kula embe na maganda yake hukutana na kemikali za ukoo huohuo.

Tofauti ya mafuta haya na upupu imo katika saa. Upupu huwasha papo hapo na kuisha baada ya muda mfupi vinyweleo vikishaondolewa. Mafuta ya korosho, mbali na kuunguza kama asidi, huamsha mzio, yaani mwili hujifunza kwanza kuitambua kemikali, na katika mguso wa baadaye malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, wakati mgonjwa amekwisha kusahau alichoshika. Kuchelewa huko ndiko kulikofanya chanzo kitafutwe kwingine, katika chakula, maji au jicho la mtu. Tena moto, uliokuwa rafiki wa mfyekaji wa upupu, hapa hugeuka, kwa sababu maganda yanapokaangwa mafuta hutoka na kuwaka, na moshi wake huwasha macho, koo na uso. Tiba pekee ya maana ni kutangulia: kupaka mikono mafuta ya kupikia au majivu kabla ya kubangua, yaani kuvunja ganda ili kutoa kiini, na kuosha kwa sabuni mara tu kazi inapokwisha.

Ni nani aliyebeba mzigo huu? Katika karne ya 19 mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba na ya nafaka ya Malindi yalifyekwa na watumwa wenye nguo chache za kuwakinga. Baada ya mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani Richard Hindorf kuingiza mkonge katika Tanzania ya leo mwaka 1893, kwa miche 62 iliyosalimika kati ya 1,000, mapori ya Tanga na Pangani yaliondolewa na manamba, yaani vibarua wa mkataba kutoka mbali, na majani ya mkonge uliopandwa mahali pa vichaka hivyo nayo yana utomvu unaowasha mikono ya wakataji. Kwa mfumo wa kipande, kadi iliyojazwa siku 30 za kazi ndipo mshahara ulipwe, siku ya kulala na malengelenge haikuwa siku. Ripoti za enzi hizo zilihesabu ekari, tani na vichwa vya watu; ngozi hazikuhesabiwa, na hilo ni pengo la kweli katika kumbukumbu zetu.

Pale ambapo madhara yaliwafika wanunuzi, yaliandikwa mara moja. Mwezi Aprili 1982, katika jimbo la Pennsylvania, watu 54 walitokwa na vipele baada ya kula korosho kutoka Msumbiji zilizouzwa kuchangia timu za watoto za besiboli, na uchunguzi ukakuta vipande vya maganda ndani ya pakiti. Wanawake wanaobangua korosho kwa mikono kusini mwa Tanzania hushika maganda hayohayo msimu baada ya msimu. Watafiti wa historia ya zao hili wawaendee wabanguaji hao na wafyekaji wazee wangali hai, waandike majina wanayotumia, hatua wanazofuata na alama zilizobaki mikononi mwao.