Mmoja Kwa Kila Kumi

Waingereza wana kitenzi "decimate". Siku hizi maana yake ni kuangamiza kwa wingi: ukame ukifyeka mifugo, ndilo neno lao. Lakini asili yake ni Kilatini, na ndani yake mna hesabu: kumi.

Katika jeshi la Roma, askari waliokimbia vita waligawanywa makundi ya watu kumi kumi, wakapigiwa kura. Yule ambaye kura ilimwangukia aliuawa kwa marungu na wenzake tisa, awe shujaa au mwoga. Waliosalia walipewa shayiri badala ya ngano. Crassus, katika vita na watumwa wa Spartacus (73–71 kabla ya Kristo), aliwatenga 500 waliotangulia kukimbia, akaua 50. Hata mwaka 1917 jeshi la Italia lilipiga risasi baadhi ya askari wake kwa mtindo huo.

Basi mmoja wa kumi amekuwa karibu wote. Mfasiri asiandike "moja ya kumi", "kufyeka" latosha. Nawe ukilisikia katika taarifa ya habari, uliza kwanza: wamekufa wangapi? Neno lenyewe halihesabu tena.