Giaboksi Ikifa Mara ya Nne, Nani Alipe?

Anko wangu alinunua gari kwa yadi fulani hapa Nairobi. Ndani ya mwaka mmoja giaboksi imekufa mara tatu. Kila akirudi anaambiwa, "Acha gari, tutaangalia." Manze, mtaangalia mpaka lini?

Swali hilo lina historia. Mwaka 1975 Marekani ilipitisha sheria ya Magnuson-Moss: kampuni ikiandika waranti, lazima iitimize. Shida ni kwamba haikutaja fundi ajaribu mara ngapi. Watu wakaendelea kuzungushwa.

Mwaka 1982 jimbo la Connecticut likaweka hesabu. Ubovu uleule ukitengenezwa mara nne na bado uko, ama gari likae gereji siku 30, mwenye gari anaweza kudai lingine au pesa zake. Wamarekani huita gari bovu limau, kwa hivyo ikaitwa sheria ya limau. Leo kila jimbo lina yake.

Hata makampuni makubwa hushikwa. Mwaka 2018 mahakama ya Australia iliitoza Ford dola milioni 10 za huko, kwa vile ilivyowatendea wateja waliolalamikia giaboksi za PowerShift.

Na sisi? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinatupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia bidhaa mbovu ikituletea hasara. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi. Nilimuuliza anko risiti za gereji ziko wapi. Hana hata moja.

Wasee, wekeni karatasi. Andikeni tarehe. Anzeni kuhesabu.