Miyelini na kiunzi kinachovunjwa

Mkwaruze mtoto mchanga unyayo, kutoka kisigino kwenda vidoleni. Kidole gumba kitapinda juu na vingine vitatanuka. Muuguzi wa kliniki ya watoto hashtuki, awe Chekereni kwenye majaruba ya mpunga au hospitali ya KCMC, Moshi. Lakini unyayo wa mtu mzima ukifanya hivyo, daktari huanza kutafuta hitilafu kwenye ubongo au uti wa mgongo. Kinachotofautisha nyayo hizo kwa sehemu kubwa ni miyelini: kwa mtoto, njia ya neva inayoshuka kutoka ubongoni haijamaliza kufunikwa.

Miyelini ni tabaka za utando wenye mafuta mengi zinazozunguka aksoni, yaani ule mkia mrefu wa seli ya neva. Aksoni iliyo tupu hupitisha ujumbe kwa mwendo wa mita moja hivi kwa sekunde. Iliyofunikwa vizuri yaweza kuzidi mita 100. Ndani ya ubongo kazi hiyo ya kufunika hufanywa na oligodendrosaiti, seli yenye mikono mingi, na seli moja huweza kufunika vipande vya aksoni kadhaa kwa wakati mmoja.

Jina alilitoa Mjerumani Rudolf Virchow mwaka 1854, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya uboho. Kwa Kiswahili huweza kuitwa ala ya neva. Ni neno zuri, ila lina kasoro: ala ya kisu hushonwa pembeni, kisha kisu kikachomekwa. Miyelini hujengwa papo hapo, na ni sehemu ya seli iliyo hai. Mkazi wa miteremko ya Kilimanjaro anayo picha bora zaidi shambani. Kata shina la mgomba kwa panga, utaona magome yamekumbatiana, na jipya ndilo la ndani kabisa. Miyelini nayo huongezeka hivyo hivyo: tabaka jipya hupenya chini ya yale ya zamani, likiigusa aksoni.

Sasa, nani anausukuma utando huo? Seli ina kiunzi chake cha ndani, nyuzi na vijibomba vya protini. Nyuzi za aktini hujengwa kwa wingi kwenye ncha ya mkono wa oligodendrosaiti, zikaunyoosha mpaka uishike aksoni. Mtu angetarajia kwamba kuzunguka nako kutahitaji nyuzi zaidi. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na jingine la Ujerumani, yalionyesha kinyume: ukifika wakati wa kuviringisha, seli huzivunja nyuzi zile zile. Protini ya miyelini iitwayo MBP huchangia, kwa kuziachilia protini zinazokata aktini. Utando ukishaondokewa na kiunzi hutanda, hujipenyeza na kushikana. Vijibomba, yaani mikrotubuli, vina kazi nyingine: ndiyo njia ya kusafirishia maelekezo ya kutengenezea MBP hadi kwenye ncha za mikono. Hitilafu ya jeni TUBB4A, inayohusika na protini ya vijibomba hivyo, huwaacha baadhi ya watoto na miyelini pungufu, viungo vikikakamaa na kutembea kukiwa shida. Ni ugonjwa adimu, lakini unaonyesha jinsi kiunzi na miyelini vinavyotegemeana.

Kwa hiyo siafiki kuita kiunzi hicho mifupa ya seli. Mfupa ukivunjika ni ajali. Fundi wa jahazi au wa nyumba akisema kiunzi, tunaelewa kitu kinachosimamishwa kwa kazi maalumu, na hilo linakaribia zaidi kinachotokea ndani ya seli. Walimu wa biolojia, basi, andikeni kiunzi cha seli, aktini na mikrotubuli. Andikeni miyelini kwa dutu yenyewe, na neno ala mliache kwa tabaka zilizokwisha kukamilika.