Nukta Zing'aazo Zilipoingia Kwenye Seli

Tuzo ya Nobel ya Kemia ya 2023 ilipotangazwa tarehe 4 Oktoba, majina ya washindi yalikuwa yamekwisha kuvuja saa kadhaa kabla. Uvujaji huo ukazungumzwa kuliko jambo zito zaidi: maneno rasmi ya tuzo yalisifu ugunduzi na utengenezaji wa nukta za kwantamu, yakaishia hapo. Hizi ni fuwele za nanomita chache tu, na rangi ya mwanga wake hufuata ukubwa: ndogo hutoa buluu, kubwa nyekundu. Kati ya washindi watatu, Alexei Ekimov alieleza jambo hilo ndani ya kioo huko Umoja wa Kisovieti mwaka 1981, Louis Brus ndani ya kimiminika huko Marekani mwaka 1983, na mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake wa MIT wakapata njia ya kuzitengeneza zikiwa na ukubwa unaolingana.

Historia hiyo ina pengo, nalo ni toleo la jarida la Science la tarehe 25 Septemba 1998. Humo makundi mawili, la Paul Alivisatos huko Berkeley na la Shuming Nie huko Indiana, yalionyesha kila moja kivyake kwamba fuwele hizi zinaweza kutia alama seli. Wako wanaosema hayo ni matumizi tu, na kwamba kazi ngumu ilikuwa imekwisha. Sivyo. Fuwele za njia ya Bawendi zilitoka na gamba linalokataa maji, na seli huishi majini. Berkeley waliziviringa kwa silika, kisha kwa mwanga mmoja tu wakaonyesha ndani ya seli za panya nyuzi za aktini kwa nyekundu na kiini kwa kijani. Nie na mwenzake Warren Chan wakapima: mng'ao mara 20 ya rangi za kikaboni kama rodamini, na kustahimili kufifia mara 100. Bila hatua hiyo, mwanabiolojia asingekuwa na cha kutumia.

Ni kweli kanuni za Nobel haziruhusu zaidi ya watu watatu kwa tuzo moja. Ni kweli pia kwamba utafiti wa 2004 ulionyesha kwamba kadmiamu iliyomo ndani ya fuwele ikivuja huua seli za ini, ndiyo maana fuwele hizi zimebaki zaidi maabara kuliko mwilini mwa mgonjwa. Lakini kanuni ya tuzo haiwafungi waandishi wa vitabu vya sayansi. Wanapoandika 1981, 1983 na 1993, waandike na 1998.