Jibu Lililoliwa na Mchwa

Katika nyumba moja ya Matinyani, upande wa Kitui, nilionyeshwa sanduku la mbao ambalo marehemu mwenye nyumba alikuwa amelitandika magazeti ndani ili nguo zisichafuke. Mengi yalikuwa yamekwisha kuwa vumbi. Kilisalia kipande kimoja cha Baraza, gazeti la Kiswahili la kila juma lililoanza kutolewa Nairobi mwaka 1939. Ndani yake zilikuwamo habari za Baraza la Kutunga Sheria: mjumbe mmoja ameuliza juu ya mabwawa ya maji. Jibu la Serikali lilikuwa limeliwa na mchwa.

Huenda msomaji akasema kwamba jibu hilo laweza kutafutwa katika kumbukumbu rasmi za mijadala. Naam, kumbukumbu zipo. Lakini yafaa tukumbuke kuwa Baraza hilo, lililokutana mara ya kwanza mwaka 1907, liliendesha shughuli zake kwa Kiingereza. Na hata katika Bunge la Kenya huru Kiswahili hakikuruhusiwa mpaka mwaka 1974, Spika akiwa Fred Mati, mtu wa Kitui. Kwa hiyo mkulima asiyejua Kiingereza aliyapata maneno ya mjumbe wake gazetini, au kinywani mwa aliyelisoma. Akitaka mtu kujua ni kitu gani hasa kilichofika Matinyani, hana budi kulitafuta gazeti lenyewe.

Pembe yenye tarehe ilikuwa imetoweka, basi tukaanza kukadiria. Kipande chasema juu ya wajumbe Waafrika waliochaguliwa. Si cha mwaka 1944, basi, alipoingia Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza Barazani, kwa maana yeye aliteuliwa. Waafrika waliwapigia kura wajumbe wao kwanza mwezi wa Machi 1957, wakapatikana wanane, mmoja wao James Muimi wa Ukambani. (Kura yenyewe ilikuwa ya ajabu: mwenye elimu na mali aliweza kupewa hata kura tatu!) Wala hakipiti mwaka 1963, kwani ndipo Bunge liliposhika mahali pa Baraza. Yabaki miaka sita, nayo ni magazeti yapata mia tatu.

Sina haki ya kumlaumu mchwa. Nilipokuwa mwanafunzi nilikata habari nizipendazo, nikazibandika daftarini kwa gundi, na tarehe zikaenda jalalani. Anayeokota gazeti kuukuu na aache ukurasa mzima, aulaze bapa mahali pakavu palipoinuka, na aandike kwa penseli, katika karatasi nyingine, mahali alipoupata.

Kipande cha Matinyani sasa kimelala kati ya karatasi mbili safi. Likizo ijayo nitakwenda nacho Nairobi, katika Nyaraka za Taifa zilizoanzishwa mwaka 1965, nikaanze kutafuta. Mjane wa mzee yule ameniagiza kwamba nikilipata jibu nirudi kumwambia, kwa sababu ataka kujua kama bwawa liliahidiwa.