Alama ya Maambukizi au Kinga? Uchunguzi wa Kingamwili katika Damu ya Wachangiaji nchini Kenya, 2020–2021

1. Utangulizi

Mgonjwa wa kwanza wa virusi vya korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kufikia tarehe 31 Julai, waliothibitishwa kuambukizwa walikuwa 20,636 na waliofariki 341, idadi ndogo kuliko ilivyohofiwa. Je, virusi havikuwa vimeenea, au vilienea bila kuonekana? Makala haya yanafuatilia jinsi swali hilo lilivyojibiwa kwa kupima kingamwili. Hoja yake ni kwamba uchunguzi huo ulisahihisha historia ya mwaka wa kwanza wa janga, lakini takwimu zake zilieleza yaliyokwisha kupita. Hazikuwa ahadi ya usalama wa siku zijazo.

2. Chimbuko la Mbinu

Mbinu hii si ngeni Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1930, watafiti wa homa ya manjano waliofadhiliwa na Wakfu wa Rockefeller walikusanya damu za watu katika nchi nyingi za Afrika. Majimaji ya damu hiyo yalichanganywa na virusi, kisha panya wa maabara wakadungwa mchanganyiko huo. Panya akinusurika, ilihesabiwa kwamba mwenye damu alikuwa na kinga. Ndivyo ilivyobainika kwamba ugonjwa ulikuwa umepita hata mahali ambapo hapakuwa na taarifa ya mlipuko. Mwaka 1936 taasisi ya utafiti wa homa ya manjano ikaanzishwa Entebbe, Uganda.

Kipimo hicho kilionyesha kinga ikifanya kazi, na aliyepona homa ya manjano kwa kawaida hukingika maisha yake yote. Kwa sababu hiyo, alama ya maambukizi na kinga yenyewe zilikwenda pamoja. Kwa virusi vipya vya korona, uhusiano huo haukuweza kuchukuliwa kuwa jambo lililokwisha kuthibitishwa.

3. Uchunguzi wa Mwaka 2020

Watafiti wa Kilifi walitumia damu iliyokwisha kutolewa na wachangiaji kati ya Aprili na Juni 2020. Kati ya sampuli 3,098, zilizokutwa na kingamwili zilikuwa 174, yaani asilimia 5.6. Takwimu hiyo ghafi haikuweza kusimama peke yake. Kipimo chenye uwezo wa kutambua kwa usahihi asilimia 99 ya damu zisizo na kingamwili bado kinaweza kukosea katika sampuli zipatazo 30 kati ya 3,000. Pale maambukizi yanapokuwa machache, kosa hilo ni sehemu kubwa ya jibu. Aidha, wachangiaji damu si kielelezo kamili cha jamii, kwa kuwa watoto wadogo na wazee hawamo.

Baada ya marekebisho ya kipimo na ya muundo wa idadi ya watu, kiwango cha taifa kilikadiriwa kuwa asilimia 4.3. Mombasa ilikuwa na asilimia 8.0, Nairobi 7.3 na Kisumu 5.5. Ikilinganishwa na sensa ya mwaka 2019, iliyohesabu watu wapatao milioni 47.6, asilimia 4.3 ni takriban watu milioni 2. Orodha rasmi ya wagonjwa ilikuwa imenasa sehemu ndogo sana ya maambukizi.

4. Takwimu na Matumaini

Kati ya Januari na Machi 2021, uchunguzi mwingine wa wachangiaji ulikadiria kiwango cha taifa kuwa asilimia 48.5, na cha Nairobi kuwa asilimia 61.8. Chanjo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza mwezi Machi, hivyo karibu kiwango chote kilitokana na maambukizi. Wakati huo asilimia 60 hadi 70 zilitajwa mara nyingi kuwa kizingiti cha kinga ya jumla, na msomaji angeweza kudhani kwamba Nairobi imevuka hatari. Hata hivyo, tarehe 26 Machi 2021 serikali ilifunga Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru kutokana na wimbi la tatu. Wimbi la Delta lilifuata katikati ya mwaka.

Tukio la Manaus, Brazil, linafanana na hilo. Kwa kutumia damu ya wachangiaji vilevile, ilikadiriwa kwamba asilimia 76 ya wakazi walikuwa wameambukizwa kufikia Oktoba 2020. Januari 2021 hospitali za mji huo zilielemewa na kuishiwa oksijeni. Kingamwili hupungua kadiri muda unavyopita, na virusi hubadilika.

5. Hitimisho

Haya hayaondoi thamani ya uchunguzi wa kingamwili. Bila huo, mwaka 2020 nchini Kenya ungeandikwa kama mwaka wa maambukizi machache. Lakini asilimia moja haiwezi kubeba maana mbili. Mtafiti wa historia ya janga hili anapaswa kuuliza ni damu ya nani iliyopimwa, kwa kipimo gani na lini, kabla ya kuandika neno kinga mahali ambapo ushahidi unasema maambukizi tu.